Matanga Mabivu

Changamwe, Alhamisi, 4 Aprili 1946

Daftari hili nimelichukua shuleni Rabai bila kuomba, Mungu anisamehe. Nilijua naja nyumba isiyo na mtu wa kuzungumza naye, na sikukosea.

Mdogo wangu Sidi ameketi. Ameketi mkekani, mgongo ukutani, miguu kainyosha mbele yake kama ya mtu mwingine. Hasemi, halii, hasimami. Mwanawe wa pekee, Mapenzi, alifariki mwezi wa Machi kwa homa, naye ndiyo kwanza ametimiza miaka sita. Siku za maziko mimi mwenyewe nilikuwa kitandani Rabai kwa homa, hata kichwa sikuweza kukiinua. Nilipopona nikaletewa habari: njoo, nduguyo tangu siku ya kuzika hajasimama.

Mumewe, Nicanor, hushika bendera stesheni hapa Changamwe, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Alinipokea kwenye gari la moshi kwa "Karibu, shemeji," kama anayepokea gunia la kopra. Jicho kavu. Nimewaona wanaume wakavu, lakini huyu, lo!

Jumamosi, 6 Aprili

Mgonjwa haulizwi uji. Namtilia mdomoni, anameza. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Jumanne, 9 Aprili

Kuna jirani, Mastura, Mdigo wa Mtongwe, mumewe ni kuli wa bandarini. Mdomo wake haukai. Aliingia na samaki wa kukaanga, akaniamkia "Shikamoo, mwalimu," na kabla sijamaliza marahaba alikuwa amekwisha nieleza ndoa tatu za watu nisiowajua. Nikasema moyoni, mtihani huu.

Lakini alipomtazama Sidi alinyamaza. Kisha akanieleza habari za Mapenzi. Ati kila adhuhuri ndiye aliyempelekea babake chakula stesheni, bakuli kichwani, naye hapiti njiani kama watu, anaruka mataruma ya reli, moja hadi jingine, huku akipiga kelele, "Nipisheni! Nipisheni, chakula cha baba!" Makuli wakubwa wakimpisha na kumpigia saluti.

Mimi huyo mtoto nilimwona mara mbili tu. Sikujua kwamba alikuwa mcheshi hivyo, na leo nimeumia kwa ajili hiyo zaidi ya siku niliyosikia kwamba amekufa.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumempeleka Sidi hospitali ya mjini. Nicanor alimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi barabara kuu, matope hadi vifundoni, hakuomba kupokewa wala hakutua. Daktari Mzungu akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira, na miguu ikaruka. Akasema miguu ni mizima, mpeni maziwa. Basi goti lina adabu kuliko mwenyewe: likigongwa linaitika.

Wakati wa kurudi nilimwambia Nicanor, "Lia basi, baba Mapenzi, hakuna anayekutazama." Akanijibu, "Mtoto yuko kwa Bwana, shemeji. Nimlilie nini?" Nilitaka kumzaba kofi.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya sanduku langu, si pengine popote.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka, na sisi tumeketi. Baada ya ibada kasisi alikuja, akamwekea Sidi mikono kichwani, akamwambia asimame kwa jina la Bwana. Sidi akavitazama viatu vya kasisi. Niliomba kwa nguvu mpaka jasho likanitoka. Mimi ni Mkristo tangu utotoni, nimefundisha Maandiko miaka na miaka, na leo kwa mara ya kwanza nilifumbua macho katikati ya sala ili nione kama kuna lolote linalotokea.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimelijua. Ningalikuwa nimelijua zamani kama ningalikuwa mtu wa kuulizwa na kuuliza, si mtu wa kununa.

Tulikuwa uani tunafua, mimi na Mastura, mvua imekatika kidogo. Nikasema, sijui kitu gani kilichomshika huyu. Mastura akaacha kusugua, akanitazama kwa mshangao.

"Kwani hukuambiwa?"

"Niambiwe na nani? Na yule jiwe?"

Akafuta mikono. "Siku ya kuzika, kaburi lilipokwisha fukiwa, mama Mapenzi alijikaza kanga kiunoni akainua mguu. Wallahi, mwalimu, sisi wanawake tulijua anaanza kumchezea mwanawe. Hata mimi nisiye wa kabila lake nilijipanga nyuma nimwitikie. Ndipo mumewe akamwekea mkono begani. Akamwambia, 'Keti, mama Mapenzi. Sisi ni watu wa kanisa.' Akaketi. Ndiko kuketi huku."

Maji ya sabuni yaliniingia machoni, nikasingizia hayo.

Niandike mambo ya kwetu, maana nimeyakwepa tangu ukurasa wa kwanza. Kwetu mtu akifa huchezewa. Yako matanga mabichi, ya siku zile za maziko, huzuni ingali mbichi. Kisha, baada ya miezi, yako matanga mabivu. Watu hurudi, hucheza tena, na hapo ndipo waliobaki hupewa ruhusa ya kuendelea kuishi. Ya mtoto huwa madogo, lakini yapo. Mimi mkubwa nilipelekwa misheni nikiwa sijaota meno ya pili, na ngoma hizo nilizisikia kwa mbali, nikiwa nimelala bwenini, tukiambiwa tuzibe masikio. Sidi alibaki na nyanya yetu, akafundishwa kila kitu. Alipokuwa mwali watu walitoka Ribe kwa miguu kuja kumwona akicheza. Alipoolewa na Nicanor akabatizwa, akaziacha ngoma. Nami ndiye niliyempongeza kuliko wote.

Ijumaa, 3 Mei

Nimefanya jambo. Nicanor alikuwa kazini, nami nikamruhusu Mastura alete watu wa kayamba.

Ni ngoma ya pepo. Kayamba ni matete yaliyofungwa pamoja na kutiwa mbegu ndani. Ukiitikisa inalia kama mvua ya mchanga. Kila pepo ana wimbo wake, na wapigaji hupitia wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka mwili wa mgonjwa uitike. Hapo pepo hujulikana jina lake na matakwa yake. Kiongozi wao ni Kombe, kijana aliyerudi mwaka jana kutoka vitani Burma. Nilipompa maji mikono ilimtetemeka hata kikombe kikagonga meno yake. Aliposhika kayamba ikatulia tuli. Aliniona namkodolea macho, akacheka. "Ndiyo dawa yangu, mwalimu. Nikiacha, vita vinarudi."

Walipiga asubuhi nzima. Pepo wa kibara, wa kiarabu, wa pwani, wote wakaitwa. Mastura alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Sidi hakutikisa hata ukope.

Kombe akaweka chini kayamba, akakataa hata ule ubani uliobaki. "Ningeweza kukudanganya kwamba ana pepo mkaidi, nije tena wiki ijayo. Lakini huyu hana pepo. Hakuna wa kumwita hapa. Kilichomo ndani ni chake mwenyewe, na wimbo wake mimi sinao."

Jumamosi, 4 Mei

Harufu ya ubani haikutoka. Nicanor ameisikia mlangoni tu.

"Shemeji, nyumba yangu umeifanya kilinge cha waganga."

"Na wewe umeifanya kaburi!"

Sikuwa nimekusudia kusema hivyo. Aliondoka kwenda kazini bila kofia, mvua inamnyeshea utosini.

Jumamosi, 11 Mei

Sidi amepungua. Nimemwosha leo, nikauhesabu mgongo wake kwa vidole bila kutaka. Uji nusu yake unarudi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeona kwa macho yangu, sijaota.

Alasiri ilisikika ngoma kutoka upande wa Miritini. Mastura akasema ni msiba wa Mzee Ngala, mchoma mkaa aliyeangukiwa na mti. Si watu wa kanisa wale, kwa hiyo wanacheza. Mlio ulikuja na upepo, ukapotea, ukarudi. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu na miguu ya Sidi. Nikaona kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kinainuka. Kikashuka. Kikainuka. Upepo ukigeuka na ngoma ikipotea, kinatulia. Ngoma ikirudi, nacho kinarudi.

Nilimwaga mchele wote. "Sidi," nikamwita, "mdogo wangu, unasikia?" Hakunitazama. Lakini kidole kile! Nililala kifudifudi nikakitazama kama mtu anayeota moto, mpaka ngoma ikanyamaza.

Hana pepo. Ana matanga. Yamemkwama mwilini, hayajatoka.

Ijumaa, 17 Mei

Nilimngoja Nicanor mlangoni, hata viatu sikumwacha avue. Nikamweleza kidole. Nikamwambia matanga mabichi yalimpita, yamebaki mabivu; turuhusu tumchezee mtoto, wanawake wa Miritini watakuja.

Akakaa juu ya kinu. "Unajua nyimbo zile zina maneno gani, shemeji?"

"Zina matusi. Najua."

"Mwanangu ana miaka sita. Yuko kwa Bwana. Unataka aimbiwe matusi?"

"Si yeye anayeimbiwa, ni sisi! Tucheke tusife!"

"Na kanisa je? Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu mwaka jana nikasoma majina ya waliotengwa kwa sababu ya ngoma. Nilisoma jina la ndugu yangu mwenyewe, tumbo moja. Kama kucheza si dhambi, basi yule nilimfukuzia nini? Na mke wangu nilimketishia nini?"

Hiyo ndiyo iliyo moyoni mwake, kumbe; si ukavu. Akikubali leo, amekubali kwamba ni mkono wake ule uliomketisha Sidi.

"Nicanor, Sidi atakufa," nikamwambia. "Mkekani papo hapo. Utashika bendera, urudi, umkute."

Akanyanyuka akaingia ndani. Nilisikia akimwambia Sidi kitu, polepole, muda mrefu. Sikusikia akijibiwa.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani alisoma somo kwa sauti yake ile ile ya kutangaza gari la moshi. Sikusikia neno. Nilikuwa namtazama mkono.

Jumatano, 22 Mei

Sidi hamezi tena. Namlowanishia midomo kwa kitambaa. Mvua haikatiki, na kisima kimejaa maji ya rangi ya chai. Nimegombana na Mastura kwa ajili ya kijiko. Kijiko! Kisha tumekaa tukalia, kila mtu na kona yake.

Jumamosi, 25 Mei

Nicanor amerudi adhuhuri, si saa zake. Amelowa chepechepe. Alikwenda kwa kasisi.

"Nimemrudishia ule uzee wa kanisa," akaniambia. "Nimemwambia mwenyewe, jina langu lisije likasomwa na mwingine. Amelia, yule mzee. Amesema atatuombea, lakini Meza ya Bwana nisiikaribie mpaka nitubu." Akavua shati, akalikamua. "Fanyeni. Ila mimi sitakuwepo. Sitaweza kutazama, shemeji. Nitakuwa kazini."

Nilitaka kumshika mkono. Kwetu shemeji hashikwi ovyo, basi nikampokea lile shati nikalianika, ingawa jua hakuna.

Jumamosi, 1 Juni

Niandike yote, hata mkono ukiuma.

Wanawake wa Miritini walifika baada ya adhuhuri, wakifuata reli, ngoma wamezifunika kwa makuti. Aliyewaongoza ni mama Ngala, mjane wa yule mzee, bado amevaa kaniki ya msiba. Nilianza kumshukuru akanikata: "Mimi nimemchezea mume wangu hata nikapata usingizi. Huyu hajalala tangu Machi. Yuko wapi?"

Tulimtoa Sidi na mkeka wake, tukamweka katikati ya ua. Nilimfunga kanga kiunoni kwa mkono wangu, ile ile aliyojifunga siku ya kuzika; Mastura alikuwa ameihifadhi. Ngoma zikapashwa moto, zikalia vizuri, zikaanza.

Na hakuna aliyecheza.

Nilishangaa. Wanawake wamejipanga, mabega tayari, lakini miguu imetulia. Nikamwendea mama Ngala, nikamwambia anza basi. Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu wa misheni.

"Mwalimu, hukufundishwa? Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Tukianza sisi ni mchezo tu."

Tukangoja. Wapigaji wanapiga, Sidi amekaa. Nilitazama kidole, na kidole kilikuwa kinainuka, ndiyo, lakini kidole tu. Majirani wa kanisa walikuwa wamesimama nyuma ya ua, wengine wakitikisa vichwa. Mastura alikuwa anasoma dua zake chini kwa chini, mimi nasoma zangu, na katikati yetu yule mtoto wa watu amekaa. Mikono ya wapigaji ikaanza kuchoka.

Kisha mvua ikashuka, tena ile ya kumwaga. Ngozi za ngoma zikalegea, mlio ukawa wa chungu kilichopasuka, na wapigaji wakasimama wakakimbia nazo motoni. Ua mzima ukanyamaza. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, nimemwondolea shemeji yangu kanisa lake bure.

Ndipo tukasikia. Tap. Tap. Kisigino cha Sidi kinapiga matope.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza, mguu ukaendelea. Ulikuwa unapiga ule mdundo peke yake, wa kushoto, halafu na wa kulia ukaja. Akaegemea mikono, akaangukia kifua, akainuka tena kwa magoti. Nilikimbilia kumshika, na mama Ngala akanikamata kanga. "Mwache. Usimguse begani."

Alisimama mwenyewe. Alisimama akitetemeka kama ndama, matope mpaka usoni, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya kwake wala ya mgonjwa.

"Nipisheni!"

Akaruka. Hatua fupi, moja, kisha nyingine, mkono mmoja kichwani kana kwamba ameshika bakuli. "Nipisheni! Nipisheni, chakula cha baba!"

Ee Mungu wangu. Alikuwa anamcheza Mapenzi. Alikuwa anaruka mataruma. Mastura alipiga yowe akaingia nyuma yake, mama Ngala akaingia, wote wakaingia, wakiruka vile vile, vijana kwa wazee, matope yanaruka hadi dirishani. Ngoma mbovu zile zikarudi hivyo hivyo na ubovu wao. Wakaimba nyimbo zile za matusi, na Sidi akacheka, kisha kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, cha miezi yote, cha tumboni kabisa. Alicheza analia. Alimwita mwanawe kwa majina yote, hata ya utani. Alicheza anavyonyonya, anavyotambaa, anavyokataa kuoga, mpaka alivyokuwa anahema ile siku ya mwisho. Hapo akapiga magoti, wanawake wakamzunguka wakahema naye. Nilimwona yule mtoto mzima mzima, mimi niliyemwona mara mbili tu.

Na mimi nilisimama kando, mikono kifuani. Sikujua kuingia. Mguu nilitaka kuuinua, sikujua upi.

Baadaye Sidi alilala pale pale kwenye paja la mama Ngala, akaomba maji. Akaniambia, "Dada Kahaso. Umekonda." Ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Watu wa stesheni wanasema gari la mizigo leo lilichelewa kuondoka. Dereva alipiga filimbi, akapiga tena, na mshika bendera amesimama na bendera yake chini, uso ameuelekeza huku.

Jumapili, 2 Juni

Amekula. Amelala. Amekula tena.

Jumapili, 9 Juni

Amekwenda kaburini kwa miguu yake, mimi na Mastura nyuma. Amepalilia. Nyumbani mwetu hakuna aliyekwenda kanisani. Nicanor alikuwa amekaa juu ya kinu, amevaa suti yake ya Jumapili.

Jumamosi, 15 Juni

Mwenye kovu usidhani kapoa. Msemo huo niliusema mwenyewe darasani, na nilidhani nimeuelewa.

Sidi ameniambia anarudi kwetu Rabai. Si kutembea. Kurudi.

Nilimfokea. Naam, mimi niliyemwita mumewe jiwe, leo nilimtetea mpaka sauti ikakauka. "Amekubeba mgongoni, Sidi! Ameacha kanisa kwa ajili yako! Unajua kanisa ni nini kwake?"

"Najua, dada."

"Basi?"

Alikuwa anakunja nguo za mtoto, zile ndogo ndogo. "Simchukii. Ni mtu mwema, na hata aliponiketisha alidhani ananiokoa. Lakini kila nikisimama nausubiri ule mkono. Nikisimama kuteka maji, nausubiri. Usiku namsikia anageuka kitandani, bega linanikauka. Nitaishije hivyo? Nitaketi tena, dada. Nikiketi tena sitainuka."

Nicanor alikuwa mlangoni. Sijui amefika zamani gani. Aliingia, akachukua kofia yake msumarini, na kwa kuwa ilimlazimu kupita karibu naye, akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo wake mwenyewe.

Sidi aliona. Alifunika uso kwa kile kigauni.

Jumatatu, 17 Juni

Ameondoka kwa gari la moshi la asubuhi, ashukie Mazeras.

Nicanor alikuwa zamuni. Nilitaka kumwombea mwenzake amshikie zamu, akakataa. Alimpakilia sanduku, akamtafutia kiti kisichovuja, akamwambia, "Ukifika wasalimie wazee." Sidi akasema, "Baba Mapenzi, kwaheri ya kuonana," na sauti ikamkatika. Wakatazamana. Nilimwomba Mungu mmoja wao aseme. Kisha Nicanor akatembea hadi mahali pake mwisho wa jukwaa, akaitoa bendera ya kijani kwapani. Aliishika chini muda mrefu. Dereva alichungulia.

Akaiinua.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua imekwisha. Mastura ameleta samaki. Nimemwambia abaki ale nasi, na azungumze, azungumze sana.

Jumapili, 23 Juni

Kesho narudi shuleni. Nimempikia Nicanor cha siku mbili, nimemwonyesha chumvi ilipo.

Adhuhuri kengele ya kanisa ilikwisha lia, na sisi tuko uani, watu wawili waliolelewa na misheni, hatuna pa kwenda. Jua limetoka. Matope ya siku ile yamekauka, na nyayo za wanawake zimebaki pale pale. Hajamruhusu mtu afagie. Alikuwa amesimama anazitazama.

"Shemeji," akaniita bila kugeuka. "Ule mguu wa kwanza. Huinuliwa upi?"

"Sijui, Nicanor. Mimi pia sikufundishwa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa gari limekwisha pita. Nilitafuta neno, maneno yangu yote ya ualimu, nisilipate. Kisha nikakumbuka.

"Mapenzi je? Akiruka mataruma, alikuwa akianza na upi?"

Alitazama upande wa reli, na nikajua anamwona anakuja na bakuli, kila adhuhuri ya maisha yake.

"Wa kushoto," akasema. "Siku zote wa kushoto. Nilimwambia atajikwaa." Na hapo, mbele ya macho yangu, yule jiwe akapasuka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, hakujifunika uso.

Akavua viatu, akaviweka sambamba juu ya kinu. Akaingia katikati ya zile nyayo. Majirani wa kanisa walikuwa ndiyo kwanza wanarudi, Biblia kwapani, wakasimama kwenye ua kutazama. Nami nilivua viatu nikajipanga nyuma yake, nikangoja, maana kilio huanza mfiwa.

Akainua wa kushoto. Na mimi nikaingia.